Nani analipia kisima kikavu?

Kwetu Rungwe, kandokando ya mto Mbaka, kuna chemchemi za maji moto. Siyo moto wa kutisha sana: ukitumbukiza yai linaiva nusunusu, ute unakuwa mweupe lakini bado unateleza. Ila mguu huwezi kuuacha humo. Bibi yangu alikuwa akifulia mablanketi pale kwa sababu moja tu, kwamba kuni ziko mbali na haya maji mtu mwingine alishayachemsha.

Nilipoanza kusoma mambo ya nishati chuoni nilikutana na picha ya zamani ya wanawake wa Reykjavík, mji mkuu wa Aisilandi, wameinama kwenye chemchemi ya moto wanafua. Nikacheka peke yangu maktaba. Sketi ndefu, beseni, migongo imepinda, mvuke umewafunika hadi kiunoni. Ukiwaondolea makoti mazito, ni bibi yangu na majirani zake.

Tofauti ni kilichofuata. Leo takribani nyumba 9 kati ya 10 za Aisilandi zinapashwa joto na maji ya kutoka ardhini, na umeme wao karibu wote unatokana na maji ya mito na mvuke. Chemchemi ya bibi bado ni ya kufulia. Watu wengi ukiwauliza kwa nini, wanakujibu haraka: wale wenzetu Mungu kawapa volkano. Jibu hilo halitoshi. Bonde la Ufa nalo lina volkano, na limepita katikati yetu kuanzia Ethiopia hadi Mbeya. Mimi nadhani jibu liko kwenye swali ambalo wahandisi hawapendi kuulizwa na wanasiasa hawapendi kulijibu: ukichimba ukakosa, nani analipa?

Tuanze na hao wafuaji. Chemchemi zao zilikuwa kama kilomita 3 kutoka mjini, na wanawake walizibeba zile nguo mgongoni kwenda na kurudi, majira ya baridi yakiwemo. Baadhi yao waliteleza wakaungua hadi kufa, ndipo vikajengwa vizuizi vya chuma juu ya maji. Barabara kuu ya maduka ya Reykjavík hadi leo inaitwa Laugavegur, maana yake njia ya kwenda chemchemi. Wakati huohuo, ndani ya nyumba zao, watu walikuwa wanaota moto wa makaa ya mawe yaliyoletwa kwa meli, au wa udongo wa mabwawani uliokatwa ukakaushwa, au wa mavi ya kondoo. Moshi wa makaa ulikuwa unatanda juu ya mji. Vita Kuu ya Kwanza ilipopandisha bei ya makaa, nchi ile maskini ya wavuvi na wafugaji ilionja maana ya kutegemea meli ya mtu mwingine ili usife baridi.

Maji moto yapo pale pale kilomita 3. Kila mtu anayaona. Hata hivyo ilikuwa 1908 ndipo mkulima mmoja akajaribu kuyavuta kwa bomba hadi nyumbani kwake, na ilikuwa 1928 ndipo mji ukaanza kuchoronga visima pale penye dobi. Kufikia 1930 bomba lilikuwa limefika mjini: shule moja, hospitali, ukumbi wa kuogelea, na nyumba kama 60 hivi. Basi. Huo ndo ulikuwa mwanzo wenyewe, shule moja na nyumba za mtaa mmoja.

Baadaye wakaamua kwenda mbali zaidi, eneo la Reykir, zaidi ya kilomita 15 kutoka mjini. Vita ya Pili ikawakuta katikati ya kazi. Ujerumani ilipoivamia Denmark Aprili 1940, vifaa vilivyokuwa vinasubiriwa kutoka huko vikakwama, mradi ukachelewa, na maji yakafika mjini 1943. Hapa napenda usimame kidogo. Mji mdogo, katikati ya vita ya dunia, unafukia mabomba. Mtu angeweza kusema tusubiri amani irudi. Hawakusubiri, na kufikia 1945 zaidi ya nyumba 2,800 zilikuwa zimeunganishwa.

Ila sasa, usiondoke hapa ukadhani mambo yalikwenda kwa mstari ulionyooka. Baada ya vita mafuta yakawa rahisi mno. Tanki nyuma ya nyumba, kichomeo jikoni, lori linakuja kujaza, umemaliza. Hakuna kuchimba, hakuna mabomba, hakuna vikao vya manispaa. Kufikia 1970, miaka 40 tangu ile shule ya kwanza, karibu nusu ya wananchi wa Aisilandi walikuwa wanapasha nyumba zao kwa mafuta kutoka nje. Yaani nchi iliyokaa juu ya jiko ilikuwa inanunua moto dukani.

Hiki kipande cha historia mara nyingi hakisimuliwi, na kwangu ndicho chenye uzito zaidi. Ujuzi walikuwa nao. Maji walikuwa nayo. Mfano uliofanikiwa ulikuwa hapo mji mkuu, mtu anaweza kuugusa. Bado nusu ya nchi ikachagua mafuta. Na siwezi kuwalaumu, kwa sababu hesabu ya mwananchi mmoja au ya kijiji kimoja ilikuwa upande wa mafuta.

Hesabu yenyewe iko hivi. Mafuta unayalipia kidogokidogo, kama vocha. Leo lita 20, mwezi ujao lita 20. Jotoardhi unalipia kila kitu mwanzoni, kabla hujaona faida yoyote, na unalipia gizani. Wanajiolojia wanaweza kupima ukinzani wa miamba kwa umeme, wakapima gesi zinazotoka ardhini, wakasikiliza mitetemo midogo, wakakuchorea ramani nzuri yenye rangi. Lakini kama kuna joto la kutosha, na maji, na nyufa za kuyapitisha hayo maji, vyote vitatu mahali pamoja, hilo utalijua siku chuma kinafika chini. Kisima kirefu cha kuzalishia umeme kinakwenda kilomita 2 hadi 3 na kinaweza kumeza dola milioni kadhaa. Kikiwa kikavu, hakuna anayekurudishia. Umebaki na tundu refu.

Sasa kijiji cha wavuvi chenye kaya 300 kitathubutu vipi? Hakithubutu. Kinanunua tanki.

Walichofanya Aisilandi ni kitu kisicho na picha nzuri, ndiyo maana hakijulikani. Miaka ya 1960 serikali iliunda mfuko wa jotoardhi, na mwaka 1967 ukaunganishwa na ule wa umeme ukawa Mfuko wa Nishati. Manispaa au mkulima anakopa humo kuchoronga. Akipata maji moto, analipa mkopo kama mikopo mingine. Akikosa, mkopo unageuka ruzuku, deni linafutwa. Ndo hivyo tu. Taifa zima linakigawana kisima kikavu, kwa hiyo hakuna kijiji kinachouawa nacho.

Kisha ikaja Oktoba 1973. Nchi za Kiarabu zikabana mafuta baada ya vita na Israeli, bei ikapaa dunia nzima. Kila nchi iliumia, sisi tukiwemo. Waliokuwa watu wazima wakati huo wanakumbuka foleni. Kwa Aisilandi, kupasha nyumba lilikuwa jambo la kufa na kupona, na serikali ikatangaza lengo: popote panapowezekana, mafuta yatoke na maji moto yaingie. Ule mfuko ulikuwa tayari upo. Rigi zilikuwepo, wachorongaji walikuwepo, sheria ilikuwepo. Msukosuko ukawakuta na chombo mkononi. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 mafuta yalikuwa yamebaki kwenye sehemu ndogo tu ya nyumba, ile ya kule ambako ardhi haikutoa kitu.

Nchi haikuingia kwenye mabadiliko haya bila majeraha. Mfano mzuri ni Krafla, kaskazini. Mwaka 1975 walianza kujenga kituo cha umeme wa mvuke, mitambo miwili ya megawati 30 kila mmoja, wakiwa wameagiza mitambo kabla hawajachoronga visima vya kutosha kujua kama mvuke upo. Haraka ya msukosuko wa mafuta hiyo. Desemba ya mwaka huohuo volkano ikaanza kulipuka jirani, ikaendelea kuwashwawashwa hadi 1984. Gesi za volkano zikaingia kwenye visima na kula mabomba. Mwaka 1977, kwenye eneo la jirani la Bjarnarflag, kisima kimoja kilitema lava. Sikosei kuandika: lava ilipanda kwenye tundu la kuchimbwa na binadamu na kutokea juu, tani kadhaa. Mtambo wa kwanza wa Krafla ulianza ukizalisha sehemu ndogo tu ya uwezo wake, na wa pili ulikaa bila kufungwa hadi miaka ya 1990.

Wapinzani bungeni walikuwa na haki ya kupiga kelele, na walipiga. Lakini kampuni binafsi ingekufa pale. Taifa likaubeba ule mzigo, likatulia, likaendelea kuchoronga taratibu, na Krafla leo inafanya kazi na megawati zake 60.

Sasa hamia huku kwetu. Watu wengi hudhani Kenya ndiyo ya kwanza Afrika kwenye jotoardhi. Kwa ukubwa, ndiyo. Kwa tarehe, hapana: Kiabukwa, Katanga, Wabelgiji walikuwa na mtambo mdogo sana, kama megawati 0.2, ukiendeshwa na maji moto kwa ajili ya mgodi, tangu 1952. Mgodi ulipoacha kuuhitaji, habari ikaishia hapo. Ule moto ulikuwa wa mgodi, haukuwa wa nchi.

Kenya ilichoronga visima viwili Olkaria, karibu na Naivasha, kati ya 1956 na 1958. Havikutoa mvuke wa kuzalishia umeme. Kazi ikasimama. Serikali ya kikoloni haikuwa na mfuko wa kumeza visima vikavu, wala sababu ya kuutaka. Ikapita zaidi ya miaka kumi pale juu ya mojawapo ya hazina kubwa za mvuke barani bila mtu kugusa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Umoja wa Mataifa, kupitia shirika lake la maendeleo, ukaingia na fedha za utafiti, Olkaria ikachaguliwa, na mwaka 1973, mwaka uleule wa mafuta, kuchoronga kukaanza upya. Safari hii kisima kikavu kilikuwa na mtu wa kukilipia. Mtambo wa kwanza, megawati 15, ukawashwa 1981. Wa pili 1982, wa tatu 1985. Jumla 45.

Hapo ndipo Reykjavík na Naivasha zinapokutana kwa watu na siyo kwa mfano tu. Tangu 1979 Aisilandi imekuwa ikiendesha mafunzo ya jotoardhi ya miezi sita kwa wataalamu wa nchi nyingine, yaliyoanza chini ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa, na Kenya ndiyo nchi iliyopeleka wanafunzi wengi kuliko nyingine yoyote. Ukikutana na mjiolojia wa Olkaria mwenye umri wa kutosha, kuna uwezekano mkubwa aliwahi kutetemeka na baridi ya Reykjavík. Ujuzi ulihamia. Chombo cha kubeba hasara ndicho kilichochelewa kuhama.

Baada ya 1985 kasi ikapungua sana. Wafadhili walibana, na maji ya mabwawa ya mto Tana yalionekana yanatosha. Ukame wa 1999 na 2000 ukaja. Mabwawa yakashuka, Wakenya wakagawiwa umeme kwa saa, na serikali ikakodi majenereta ya dizeli ya dharura. Ukame wa 2009, hadithi ileile. Dizeli ina sifa moja ambayo tuiheshimu: inafika ndani ya wiki chache, kwenye makontena, bila jiolojia. Halafu bili inakuja na tozo ya mafuta, na mama mwenye saluni ndiye anayeilipa. Tanzania tunalijua hili vizuri. Mgawo wa 2006 ulituletea mkataba wa mitambo ya dharura ambao kashfa yake ilimng'oa waziri mkuu mwaka 2008.

Kenya ilipata somo. Mwaka 2008 ikaunda kampuni ya serikali, GDC, ambayo kazi yake ya msingi ni kuchoronga kwa fedha ya umma na kisha kuuza mvuke uliokwisha kuthibitishwa. Mwekezaji analeta mtambo, hasara ya kisima haimhusu. Ni ule mfuko wa Aisilandi uliovaa nguo nyingine. Kule Olkaria kwenyewe KenGen ikaongeza megawati 280 kati ya 2014 na 2015, na leo jotoardhi inatoa karibu nusu ya umeme wa Kenya. Ukijumlisha maji, upepo wa Turkana na jua, takribani asilimia 90 ya umeme wao hautokani na mafuta. Wamefika huko bila mtu kuwapigia makofi mengi.

Lakini GDC yenyewe ilianza kuchoronga Menengai mwaka 2011, na umeme wa kwanza kutoka pale uliingia gridi mwaka 2023. Miaka 12. Ni urais wa watu wawili na zaidi, na bajeti 12 za kuelezea kwa nini fedha zinazama ardhini. Mwanasiasa anayeagiza dizeli anakata utepe mwezi ujao. Anayeagiza kisima anamkatia mtu mwingine utepe.

Na kuna mlipaji mwingine ambaye hayumo kwenye hesabu za mfuko wowote. Ili kujenga Olkaria IV, familia zaidi ya 100 za Wamaasai zilihamishwa 2014 kwenda eneo jipya. Zilijengewa nyumba za matofali, na kwenye karatasi ilionekana nzuri. Wengine walilalamika kuhusu ardhi yenyewe, hatimiliki, korongo na barabara mbovu, na umbali wa kwenda kwenye shughuli za utalii zilizokuwa zinawalisha. Malalamiko yakafika Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, jopo la ukaguzi la Benki ya Dunia likakuta kasoro za kweli, na mwisho ukaitishwa usuluhishi. Sisemi mradi haukufaa kujengwa. Nasema ukiandika "nishati safi" kwenye bango, mtu aliyehamishwa kwa ajili yake ana haki ya kuuliza usafi huo ni wa nani. Hasara ya kisima tumejifunza kuigawana. Hasara ya kuhamishwa bado tunamwachia aliyekaa juu ya mvuke.

Nirudi Mbaka. Tanzania tuliunda kampuni yetu ya jotoardhi, TGDC, mwaka 2013, chini ya TANESCO. Umoja wa Afrika, pamoja na Ujerumani, una mfuko tangu 2012 wa kuchangia gharama za kuchoronga visima vya kuthibitisha, kwa nchi za Afrika Mashariki. Unachangia sehemu, haumalizi, na Ngozi na Kiejo-Mbaka zetu zimo. Wataalamu wameshafika kwetu na kuchoronga visima vifupi vya utafiti. Muongo wote huo umeme wetu mwingi ulikuwa wa gesi ya Songo Songo na Mtwara, ambayo ni yetu kweli lakini bado ni kisukuku, na sasa Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115 limebadilisha hesabu. Nafurahi kama kila mtu aliyewahi kunyoa nusu kichwa umeme ukakatika. Ila ukame wa 2000 haukuwaogopesha Wakenya kwa sababu hawakuwa na bwawa. Walikuwa nayo kadhaa.

Wakati mradi unaingia kijijini likizo fulani nilikuwepo. Mzee mmoja jirani yetu aliwauliza vijana wa kampuni kama wakichimba na kukosa watalifukia lile tundu. Wakamwambia ndiyo, litafungwa kwa saruji. Akauliza, na hela? Kijana akacheka, akasema hela ni ya serikali, mzee, wewe usijali. Yule mzee hakucheka. Akasema, "Basi ni yangu, na nimekubali. Chimbeni."

Bado sijaona waziri akilisema hilo kwa uwazi wa namna ile kwenye hotuba ya bajeti: kwamba tutachoronga, vingine vitakuwa vikavu, na vikavu hivyo tumeshavitengea fungu.

Kuhusu magari, pikipiki na meli, ambako hata Aisilandi bado wanachoma mafuta kila siku na meli zao za uvuvi, nitaandika siku nyingine. Huko hakuna kisima cha kuchimba, na hesabu ni tofauti kabisa.